Figo ya kwanza ikishindwa, tumwambie nini mgonjwa?

Harambee ya kwanza ya kumchangia mgonjwa wa figo aghalabu huitikiwa vyema. Jamaa, majirani, waumini wenzake na hata walimu waliomfundisha hujitokeza wakatoa walicho nacho, na ndugu mmoja hujitolea figo yake ili mwenzake aponee. Lakini miaka kadhaa baadaye, figo hiyo ikilegea na mgonjwa akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, minong'ono huanza. Baadhi ya watu husema kwamba alipewa nafasi akaichezea. Wengine huuliza iwapo ni haki mtu mmoja apewe figo mara mbili ilhali kuna wenzake ambao hawajapata hata mara moja.

Swali hilo si la kupuuzwa, wala si la Wakenya peke yao. Mwaka 1993, wataalamu watatu wa Marekani, Peter Ubel, Robert Arnold na Arthur Caplan, waliandika juu yake katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo. Walisema kwamba madaktari wasimpendelee mgonjwa eti kwa kuwa walikwisha kumpandikiza kiungo hapo awali, na kwamba, kwa vile upandikizaji wa kurudiwa haufaulu sawa na wa kwanza, wanaosubiri kiungo cha kwanza watangulizwe kwa kiasi fulani. Hata hivyo, hawakuona kwamba aliyekwisha kupandikizwa anastahili kusaidiwa kidogo kuliko asiyewahi. Jambo hili la mwisho ndilo linalosahauliwa katika minong'ono yetu.

Tuanze na ile lawama ya kuichezea figo. Kinga ya mwili huwa haijui kwamba figo ngeni imeletwa kwa wema. Huiona kama adui aliyevuka mpaka, ikaishambulia. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu, uliofanywa na Dakta Joseph Murray mjini Boston mnamo Desemba 1954, uliwezekana kwa kuwa mtoaji na mpokeaji, Ronald na Richard Herrick, walikuwa pacha wa kufanana, na mwili wa Richard haukutambua ugeni wowote. Wengine wote wasiokuwa na pacha wa namna hiyo hawana budi kumeza dawa za kuituliza kinga kila siku, maadamu figo hiyo ingali inafanya kazi.

Ni kweli kwamba wako wanaoacha dawa na kujiponza. Lakini tujiulize kwanza kama waliziacha kwa kiburi au kwa kukosa fedha za kuzinunua. Isitoshe, figo iliyopandikizwa huchakaa hata kwa mgonjwa asiyeruka kidonge kimoja. Mara nyingi ile iliyotoka kwa marehemu hudumu kwa takriban miaka kumi hivi, na iliyotoka kwa mtu aliye hai hudumu zaidi. Basi kijana wa miaka 20 anayepandikizwa figo leo, akijaliwa kuishi hadi uzeeni, yamkini atahitaji nyingine. Kumlaumu ni sawa na kumlaumu mtu kwa kuwa hakufa mapema.

Wapenzi wa michezo wanayo mifano miwili. Ivan Klasnić, mshambulizi wa Croatia, alipewa figo na mamake mapema mwaka 2007, mwili ukaikataa. Miezi michache haikupita ila babake naye alijitolea, na safari hii mambo yakawa mema. Mwaka uliofuata, Klasnić aliichezea nchi yake katika kombe la Ulaya na kuifungia bao la ushindi dhidi ya Poland. Jonah Lomu wa New Zealand, jabali la raga ambalo jina lake linajulikana sana hapa kwetu, alipewa figo na rafiki yake mwaka 2004 akarejea uwanjani. Figo hiyo ilishindwa mwaka 2011. Lomu akarudi kwenye mashine, na mnamo Novemba 2015 akafariki akiwa na umri wa miaka 40 kabla ya kupata ya pili. Hapana shaka kwamba wanaume hao wawili hawakutofautiana kwa ushujaa.

Mbona basi mara ya pili huwa ngumu zaidi? Upasuaji wenyewe si kizuizi kikubwa. Aghalabu figo ya kwanza huachwa palepale na mpya ikawekwa upande wa pili wa tumbo la chini. Ugumu umo katika damu. Kinga iliyokwisha kupambana na figo moja huwa imeunda silaha, yaani kingamwili, na silaha hizo huikumbuka ile sura ya ugeni. Figo ya pili ikiwa na alama kama za ile ya kwanza, hushambuliwa mara moja. Kuongezewa damu huweza kuleta hali hiyo, na kadhalika uja uzito, ndiposa mama aliyezaa anaweza kuikataa figo ya mumewe au hata ya mwanawe.

Walimu wa bayolojia wanaweza kulifanya jambo hili somo la darasani. Mtoto hurithi fungu moja la alama hizo kutoka kwa baba na jingine kutoka kwa mama. Kwa hiyo, kati ya ndugu wawili wa baba na mama mmoja, uwezekano wa kulingana kikamilifu ni robo, wa kulingana nusu ni nusu, na wa kutolingana kabisa ni robo. Aliyekwisha kupokea figo ya ndugu anayelingana naye zaidi, mara ya pili huenda akabaki na wasiolingana naye.

Hapa ndipo hali yetu inapotofautiana na ya Marekani. Kule watu hupanga foleni wakisubiri viungo vya marehemu, na anayepewa mara mbili huweza kudhaniwa kamruka mwenzake. Hapa kwetu karibu figo zote hutoka kwa walio hai, na ndugu anayempa ndugu yake hajamnyang'anya mtu yeyote. Mzigo wetu ni mwingine: baada ya kaka kutoa, macho yote humgeukia dada. Dada huyo ana haki ya kukataa bila ya kuitwa mchoyo, na daktari hana budi kumhoji faraghani ili ajue kama hiari yake ni hiari kweli.

Jamaa wakiisha, pesa hutafuta njia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka idhini ya mtoaji na kuharamisha biashara ya viungo, lakini mwaka 2025 serikali ililazimika kusimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret kufuatia madai ya biashara hiyo. Mnunuzi alikuwa na uhai wa kuokoa, na muuzaji alikuwa kijana aliyesukumwa na umaskini.

Tufanyeje basi? Kwanza, bima ya umma igharamie dawa za baada ya upasuaji kikamilifu, kwani figo ya pili iliyo rahisi kuliko zote ni ile ya kwanza iliyotunzwa. Pili, sheria hiyo hiyo inamruhusu mtu kuusia viungo vyake vitumiwe akifa. Ruhusa hiyo ipewe mipango na vifaa, na viongozi wa dini na wazee wa jamii washirikishwe, ili dada yule asibaki kuwa tumaini la pekee. Tatu, shule zifundishe kujikinga na shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari, maradhi yanayoua figo nyingi kimyakimya.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mgonjwa aliyerudi kwenye mashine hahitaji hukumu yetu. Tukialikwa kwenye harambee ya pili, twende kama tulivyokwenda ya kwanza.