Maji Yalifika Wapi Ukutani? Waambie Wanaopanga!

Siku moja nilikuwa na wanafunzi wa kidato cha tatu, tunazungumza kuhusu kipindupindu. Nikasema yale yale ya siku zote: chemsha maji ya kunywa, nawa mikono kwa sabuni, tumia choo. Msichana mmoja anayeishi Bonde la Mpunga, Msasani, akanyoosha mkono. "Dada, mvua ikinyesha choo chetu kinafurika, cha jirani nacho kinafurika. Hapo ninawe mara ngapi?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana alisema kweli. Kunawa mikono ni kazi ya mtu mmoja. Mafuriko ni ya mtaa mzima, na dawa yake iko kwenye mipango ya manispaa. Swali ni hili: mipango hiyo inaandikwa na nani, na je, wewe na wazazi wako mmo?

KWA NINI BONDE LINAJAA?

Jina lenyewe linakujibu. Bonde la Mpunga palikuwa mahali pa kulima mpunga, na mpunga hupandwa mahali maji yanapotuama. Ni chini, ni karibu na bahari, na ukichimba kidogo tu unakuta maji. Kwa hiyo wakati wa masika shimo la choo hujaa kutoka chini hata kabla maji ya juu hayajafika.

Halafu kuna kifusi. Mwenye uwezo anajaza kifusi, anainua kiwanja chake, anajenga ukuta. Je, maji yamepotea? Hapana! Yamehamia kwa jirani. Jirani naye akiinua, yanakwenda kwa wa tatu. Mwisho anayeogelea ni yule asiye na pesa ya kifusi. Ndiyo maana kila mtu akijipangia peke yake, mtaa mzima unaumia.

MAJI MACHAFU, MWILI WAKO

Maji ya mafuriko si maji ya mvua tu. Wapo watu ambao mvua ikinyesha wanatapisha choo, yaani wanafungulia kinyesi kiondoke na maji. Kinaondoka kwao, kinaingia kwenye kisima na jikoni kwa mwenzao. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Manispaa ya Kinondoni, kikasambaa mikoa mingi ya Tanzania Bara na kufika hadi Zanzibar.

Si hicho tu. Kwenye madimbwi yanayobaki, yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja au mbili. Pia ipo homa ya mgunda, inayoletwa na bakteria wa kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine. Wanaingia mwilini kupitia kidonda unapokanyaga maji machafu. Mwaka 2022 ugonjwa huo uliua watu mkoani Lindi.

TUMEJIFUNZA NINI?

Desemba 2011 mvua kubwa iliipiga Dar es Salaam na watu wapatao 40 wakapoteza maisha. Baadaye serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Wengine walikaa. Wengine walirudi mabondeni, kwa sababu kibarua, biashara na shule viko mjini. Mwaka 2015 nyumba za Bonde la Msimbazi zikachorwa alama nyekundu ya X na nyingine zikabomolewa.

Sisemi watu wabaki kwenye hatari. Kuna mahali ambapo kuhama ndiyo kupona. Lakini mpango usiouliza mtu anakula wapi na mtoto anasoma wapi, hauwezi kudumu. Mwaka 2018 ilifanyika mikutano ya kupanga mustakabali wa Bonde la Msimbazi, na safari hii wataalamu, viongozi na wakazi walikaa pamoja. Huko ndiko ulikotoka mradi uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, wenye fungu la kuwalipa fidia wanaohama.

Mfano mwingine ni wa vijana. Mwaka 2015 ulianza mpango wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi walizunguka mitaani pamoja na wakazi, wakichora nyumba, njia na mitaro. Waliuliza pia swali dogo: maji yalifika wapi? Bibi anaonyesha alama ukutani, kijana anapima na kuandika. Kumbukumbu ya bibi ikawa ramani ambayo mhandisi anaweza kuifanyia kazi.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, ujue njia. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Yanayokubaliwa hapo hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha manispaa.

Pili, ujue wakati. Hapa wengi ndipo tunapokosea. Tunapiga kelele Aprili, maji yakiwa magotini. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, na bajeti yake huanza kupikwa miezi mingi kabla. Ukisubiri masika, basi limeshaondoka! Sema tangu wakati wa vuli.

Tatu, nenda na ushahidi. Kama hujafikisha miaka 18, hii ndiyo kazi yako. Maji yakishakauka (usiingie kwenye maji ya mafuriko kupima!), chukueni daftari na futi kamba na mzunguke na mtu mzima anayefahamika mtaani. Andikeni:
- alama ya maji ukutani ni sentimita ngapi kutoka chini;
- ilikuwa mwezi na mwaka gani;
- mtaro uliziba wapi, na kwa kitu gani;
- vyoo vingapi vilifurika;
- wazee, wajawazito na walemavu wanaohitaji kusaidiwa kwanza wako wangapi.

Mpe mzazi au mwenyekiti wa mtaa ayasome mkutanoni. Ombeni yaandikwe kwenye muhtasari. Neno la mdomoni husahaulika, lakini lililoandikwa unaweza kulifuatilia mwakani: "Tuliomba mtaro huu, umefikia wapi?"

Je, mtasikilizwa siku hiyo hiyo? Pengine hapana. Pesa ni kidogo na mitaa ni mingi. Lakini wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ndio unaoliwa na maji.

Yule msichana wa Bonde la Mpunga sikumpa jibu zuri siku ile. Jibu langu leo ni hili: endelea kunawa mikono, mdogo wangu, kila utokapo chooni na kabla ya kula. Halafu chukua futi kamba, ukapime ukuta wenu. Mvua zijazo haziko mbali.