Mahale, Hifadhi Isiyo na Barabara

Je, msomaji, umewahi kusikia habari za hifadhi ya wanyama isiyo na barabara hata moja? Hifadhi hiyo ni Mahale. Iko katika Mkoa wa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985. Mlima wake mrefu kuliko yote ni Nkungwe, wenye mita 2,462.

Wageni hufika kwa mashua ya injini au kwa ndege ndogo. Ndani ya hifadhi hutembea kwa miguu. Wengine hupanda milima. Wengi huenda msituni kutazama sokwe.

Zamani sokwe hao walikuwa wakiwakimbia watu. Mwaka 1965 wataalam kutoka Japani walianza kuwachunguza. Walipanda miwa, na sokwe wakaja kuila. Polepole wakazoea kuonana na watu.

Mwaka 1987 wataalam walimwona sokwe jike aliyekuwa mgonjwa. Alikuwa mnyonge, analala lala mchana. Akavunja tawi changa la mti uitwao mjonso. Akatupa majani, akamenya ganda, kisha akatafuna kiini na kufyonza maji yake machungu. Kesho yake alasiri alikuwa amepata nafuu. Mti huo Watongwe, wenyeji wa milima hiyo, wanaujua sana. Wao pia huutumia kutibu tumbo na minyoo. Sokwe yule hakusomea udaktari!

Lakini si kila ugonjwa una mjonso wake. Sokwe wanafanana sana na sisi, kwa hiyo magonjwa yetu huwapata. Mafua ambayo mtu huyapuuza yanaweza kumwua sokwe. Mwaka 2006 ugonjwa wa mafua na kikohozi uliingia katika kundi moja huko Mahale. Wengi waliugua, na baadhi yao walikufa.

Ndiyo maana sheria za kuwatazama ni kali. Wageni huenda wachache wachache pamoja na kiongozi. Kila mmoja huvaa barakoa puani na mdomoni. Husimama mbali, mita 10 kutoka kwa sokwe, na hukaa nao saa moja tu. Hakuna kula mbele yao wala kutema mate. Mwenye mafua haruhusiwi kwenda kabisa. Hata kama amesafiri kutoka Ulaya na kulipa fedha nyingi, atabaki kambini kutazama ziwa.