Askwar Hilonga na Chujio la Maji

Mlima Meru huwapa watu wa Arusha mvua, udongo mzuri na chemchemi nyingi. Lakini Meru ni mlima wa moto, na mawe yake yana madini yaitwayo floraidi. Maji ya mvua hupenya kati ya mawe hayo, huyayeyusha madini, kisha hutokea chini katika mito na visima. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, meno ya watoto hufanya madoa ya kahawia, na mifupa ya wengine hupinda. Maji huweza kung'aa kama kioo, nayo yamejaa floraidi. Wala kuyachemsha hakufai kitu, kwa maana maji hupungua chunguni, floraidi ikabaki yote.

Mtu mmoja aliyeitafutia taabu hiyo dawa ni Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali katika Karatu. Tangu utotoni aliyajua magonjwa yaletwayo na maji machafu. Alisoma mpaka Korea ya Kusini, akapata huko shahada ya udaktari katika elimu ya chembe ndogo mno. Chembe hizo hupimwa kwa nanomita. Na nanomita milioni moja ni milimita moja tu. Kisha akarudi, akafundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha.

Chujio alilolibuni hufanya kazi mara mbili. Kwanza maji hupita katika mchanga, nao huzuia taka na vijidudu. Kisha hupita katika zile chembe ndogo, zilizotengenezwa ili zinase floraidi na madini mengine yenye sumu. Na kwa kuwa maji ya mahali pamoja si sawa na ya mahali pengine, chujio hutengenezwa kwa kufuata ubaya wa maji ya mahali penyewe.

Mwaka 2015 Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza ilimpa tuzo ya uvumbuzi ya Afrika, paundi 25,000, naye akawa mtu wa kwanza kuipata.

Hata hivyo bei ya chujio iliwashinda maskini. Basi kampuni yake, iitwayo Gongali Model, iliwakodisha wachuuzi machujio, nao wakawauzia jirani zao maji safi kwa bei nafuu. Hivyo mtu asiyeweza kununua chujio aliweza kununua maji yake, na maarifa ya chuoni yakafika mtungini.