Unaenda kongamano la sayansi Chicago mwezi Desemba? Soma hapa kabla hujapanda ndege

Utafiti wako umekubaliwa, viza umepata (viza yenyewe ni habari ya siku nyingine), sasa unafungasha. Wengi wetu hapo tunawaza kitu kimoja tu: baridi. Kumbe baridi inazuilika. Kinachowaangusha watu ni usingizi.

Chukua Chicago, jiji lililopokea mkutano wa mwaka wa AGU, chama cha wanasayansi wa dunia na anga, Desemba 12 hadi 16, 2022. Chicago iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa 9. Yaani saa 9 alasiri umesimama mbele ya bango lako pale ukumbi wa McCormick Place, mwili wako unajua ni saa 6 usiku. Profesa anakuuliza kuhusu sampuli zako, kichwa kimeshalala. Na huenda huyo ndiye uliyemfuata, maana nafasi ya PhD inaweza kuanzia kwenye maongezi kama hayo.

Giza nalo linachangia. Mwezi huo jua la Chicago linazama kama saa 10 na dakika 20 jioni, wakati huku kwetu bado linawaka. Mwanga ndio unaouambia mwili ni saa ngapi. Kwa hiyo ukiweza, fika siku mbili kabla. Asubuhi jua likishatoka, kama saa 1 na robo, toka nje utembee nusu saa, baridi au siyo baridi. Mchana ukizidiwa lala dakika 20 tu, weka alamu. Siku hizo mbili pia ni akiba, theluji ikichelewesha ndege ya kuunganisha.

Koti usisubiri kununua kule, bei utalia. Nenda Karume au Gikomba, makoti mazito ya mtumba yapo na mengi yametoka hukohuko kwenye baridi, unalirudisha kwao tu. Chagua lenye kofia, zipu nzima, linalofika mapajani, kwa sababu upepo wa Ziwa Michigan hauna huruma. Ndani vaa nguo nyepesi mbili tatu badala ya sweta moja nene. Ukumbini kuna joto, utakuwa unavua na kuvaa. Hewa ya humo ni kavu, midomo inapasuka, beba mafuta ya mgando.

Koti lisiingie kwenye begi kubwa. Panda nalo ndani ya ndege, la sivyo begi likichelewa utatoka uwanja wa O'Hare na shati.

Bango je? Chapisha kwenye kitambaa. La karatasi linataka bomba refu, na bomba ndo kitu cha kwanza kusahaulika kwenye ndege. La kitambaa unalikunja kama khanga, linakaa begi la mkononi. Likijikunja, pasi ya hoteli, moto mdogo.