Karafuu Mbichi Isilazwe Rundo



Yako mambo ya karafuu ambayo kila mtu ayajua nusu, na ile nusu asiyoijua ndiyo imtiayo hasara. Safari hii twapenda kusema juu ya kuanika, hasa kwa ajili ya jamaa zetu wenye mikarafuu ng'ambo ya mkondo wa Pemba, huko Muheza na milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Mti ni ule ule, lakini jua si lile lile.

Kwanza, wakati. Karafuu iliyochumwa ingali mbichi na ina maji mengi. Ikilundikwa au ikifungiwa guniani hupata joto na kuvunda. Ikianikwa baadaye hutoka imepauka na kukunjamana, na hata jua la wiki nzima haliwezi kuirudisha. Kwa hiyo chambueni makonyo siku ile ile ya kuchuma, na usiku huo karafuu zitandazwe nyembamba chini ya paa, asubuhi zipate jua. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Makonyo nayo msiyatupe. Yaanikwe mbali na karafuu, kwani yana mafuta, na huko Pemba hukamuliwa kiwandani.

Pili, mahali. Amani iko juu kiasi cha mita 900 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha huko karibu kila mwezi, na ukungu ni mwingi. Mwenye shamba mlimani heri azishushe karafuu zake mapema penye jua kuliko kungojea mawingu yaondoke. Asipoweza, azitandaze chini ya paa penye upepo, azigeuze mara kwa mara. Asizitie moshi wa kuni, kwani karafuu hushika harufu upesi. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kuzianika juu ya lami, penye vumbi na mafuta ya magari. Jamvi safi latosha. Na katika miezi ya vuli, Oktoba mpaka Desemba, jamvi lisikose mtu wa kulianua mvua ijapo.

Tatu, uzito. Kilo 100 za karafuu mbichi zikikauka sawasawa hubaki kiasi cha kilo 30. Basi mtu aliyempa mwenziwe kilo 100 za kuanika, akarudishiwa 30, asidhani ameibiwa. Akirudishiwa 45, ajue bado hazijakauka, na hizo kilo zilizozidi ni maji, nayo yatafanya ukungu ndani ya gunia.

Nne, namna ya kupima. Penye jua zuri karafuu huchukua siku 4 mpaka 7. Twaa chache uzivunje: ikikatika kwa sauti, imekauka, ikipindika, irudishe juani. Bua lake liwe la kahawia iliyoiva, na kichwa kiwe na rangi hafifu kidogo. Wanunuzi wa nje hutaka maji yasizidi sehemu 12 katika 100.

Gunia moja bovu likichanganywa na mazuri huyashusha yote, na aliyeanika vizuri hupunjwa pamoja na aliyefanya haraka. Basi mwenye kuyajua haya amweleze na jirani yake kabla ya msimu kuanza.