"Very" nyingi huharibu barua

Iwapo una kijana nyumbani aliyemaliza Kidato cha Nne, huenda wiki hii anaandika barua ya kuomba kazi. Kabla hajaifunga bahasha, hebu isome, msomaji, uhesabu ni mara ngapi ametia "very".

Neno lenyewe si baya. Lilitoka Kifaransa cha kale, na maana yake ya kwanza ilikuwa "kweli". Lakini anayejisifu "I am very very hardworking" humfanya mwajiri ashuku. Afadhali aseme alichofanya.

Linalotuponza zaidi ni "too". Katika Kiswahili, "mkarimu sana" na "mkarimu mno" ni sifa zote mbili. Kiingereza cha kuandika hakina huruma hiyo: "too" kwa kawaida hubeba lawama, kwamba jambo limepita kiasi. Ukiandika "My former boss was too generous", ulitaka kumsifu, kumbe umesema alikuwa akigawa mali ovyo! Andika "very generous", basi.

Mahali pa neno pia pana kesi. "Sana" yetu hufuata kitenzi, nasi tukaandika "I like very much this work". Waingereza hawatenganishi kitenzi na kitu kinachopendwa. Sema "I like this work very much".

Kuna na maneno yaliyokwisha kushiba. "Unique" ni kitu cha pekee; kitakuwaje cha pekee sana? "Excellent" nalo halitaki "very". Ukiona lazima ulisisitize, tumia "absolutely".

Vijana nao wameingiwa na "literally", ambalo maana yake ni "hivyo hivyo, bila mfano". Aliye "literally dying of hunger" anahitaji daktari, si chapati. Ni kweli kamusi ya Merriam-Webster ya mwaka 1909 ilikwisha kutaja matumizi hayo ya kutia chumvi, lakini kutajwa katika kamusi si ruhusa ya kumwandikia meneja hivyo.

Sasa angalia "only", neno dogo lenye hila. "Only I kept the keys" maana yake ni mimi tu niliyekabidhiwa funguo: niliaminiwa. "I kept only the keys" ni funguo tu, sikupewa kazi nyingine. Maneno ni yale yale matano, na huyu wa pili huenda asiitwe kwa mahojiano.