Fahamu: Mitindo ya pamoja kwenye programu za kompyuta

Ni rangi, fonti na maumbo ya vitufe yanayoandikwa mara moja, kisha yakatumiwa na programu zaidi ya moja.

Inamhusu nani Arusha?

Ofisi ya utalii mjini au duka la dawa huweza kupendelea programu inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe: intaneti ikikatika, risiti bado itatoka. Mtaalamu mmoja anaweza kumtengenezea mteja yuleyule programu ya kuhifadhi nafasi za safari na nyingine ya stoo. Mteja akibadili rangi za kampuni, mtaalamu asiye na mitindo ya pamoja hufungua dirisha moja moja kurekebisha. Inachosha, na hakosi kusahau kitufe kimoja.

Inafanyaje kazi?

Kwenye WPF, mfumo wa kutengenezea programu za aina hiyo ambao Microsoft iliutoa mwaka 2006 na kuufanya huria mwaka 2018, mitindo huandikwa kwa lugha ya XAML katika faili la aina ya ResourceDictionary. Faili hilo huwekwa kwenye mradi wake wa maktaba. Kila programu huelekezwa kulifuata huko kupitia App.xaml, chini ya MergedDictionaries. Hapo ndipo pa kukwama: jina la maktaba likikosewa herufi moja, programu hugoma kufunguka.

Mtindo ukiitwa kwa StaticResource husomwa mara moja tu. DynamicResource hufuata mabadiliko hata programu ikiwa wazi, mfano kuhamia mandhari ya giza.

Hasara ipo?

Ipo. Kosa la kwenye maktaba huingia katika kila programu itakayojengwa upya nayo. Na mafaili mawili yaliyounganishwa yakiwa na mitindo ya jina moja, wa faili lililoorodheshwa mwisho ndio unaoshinda.